Kichanga wa Jirani

Nimepata mjukuu. Mkunga wa hospitali alitoka naye kamviringisha kwenye kanga yangu mwenyewe, ile niliyompa binti yangu aingie nayo, akasimama mbele ya benchi tulilokaa, akauliza, "Wenye kichanga huyu nani?" Tulikuwa wanawake chungu nzima pale, kila mmoja anangoja wake. Mimi hata sikuitazama kanga. Nilisimama, nikaitika naam. Msichana aliyekaa karibu yangu akacheka, akamwambia mwenzake kuwa bibi huyu kaitika kama kaitwa yeye.

Hakukosea. Nimeitwa hivyo tangu nizaliwe na mpaka leo yupo anayeniita hivyo, na mimi nina miaka ya kuumwa na magoti.

Sikusoma sana. Nilitolewa skuli darasa la nne, na aliyenitoa nitamtaja. Kwa hivyo asiniulize mtu vitabu vinasemaje juu ya neno hili. Nitasema tunavyolitumia sisi Unguja, majumbani, wanawake. Kichanga ni mtoto ambaye shingo yake haijakaza. Ukimwinua bila ya kumshika kisogo, kichwa kinaangukia nyuma. Wapo wanaosema ni kichanga mpaka mama yake atoke arubaini, na wapo wanaosema mpaka akae mwenyewe, na wazee wawili wakikutana kwenye jambo hili chai itapoa. Lakini wote kwenye shingo wanakubaliana. Akishaikaza akakugeukia, huyo si kichanga tena, ni mtoto, na kesho yake ataanza kugombezwa. Siku hizi wasichana wanasema bebi, na bebi wao ana miaka mitatu, anakimbia. Hilo ni neno la kubembeleza. Kichanga si la kubembeleza. Kichanga maana yake huyu hajiwezi, mshikeni.

Ndiyo maana kichanga haachwi chumbani peke yake, na kama hapana budi atawekewa hata kisu chini ya mto. Ikiingia magharibi hatolewi uwanjani. Ukija kumtazama husemi mzuri, unasema mashaallah, na ukiogopa sana unasema kabaya haka, kama babu yake. Na kichanga hana jina. Atangoja siku ya saba, anyolewe nywele, achinjiwe kama yuko wa kumchinjia, ndipo jina litajwe. Kabla ya hapo ni kichanga wa fulani, basi.

Mimi siku yangu ya saba haikufanywa.

Mama yangu alikufa akinizaa, kwenye chumba cha kupanga huko Ng'ambo. Nawataja waliokosa, na wa kwanza ni baba yangu. Alikuwa baharia wa vyombo vya mizigo, yuko Dar es Salaam siku hiyo. Habari alipelekewa, na jibu lilirudi kuwa anakuja. Mpaka leo nasikia alikuwa anakuja. Wa pili ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, mwenye nyumba yake Malindi, mwendo wa miguu tu kutoka nilipozaliwa. Alikuja mazishini, akalia, akanitazama, akasema kichanga hiki hakiishi, akavaa buibui lake akaenda zake.

Aliyebaki alikuwa jirani wa chumba cha pili. Mwanamke wa watu wa bara, babu zake walikuja kuchuma karafuu, mume wake mtu wa Jambiani. Naye alikuwa bado mzazi, ana kichanga wake wa kiume, arubaini haijatoka. Mwenyewe husema hakufikiri kitu. Mimi nililia, maziwa yakamtoka yakarowesha kanga, akanipakata. Mwanawe upande mmoja, mimi upande wa pili. Watu wa uwanjani walipomuuliza wa pili huyo nani, alijibu kichanga wa jirani. Jina hakuthubutu kunipa. Alisema mwenye haki ya kumpa jina ni baba yake, na baba yake anakuja.

Nilinenepa. Nikakaza shingo, nikakaa, nikaanza kucheka na watu. Hapo ndipo shangazi alipokumbuka kuwa ana damu yake Ng'ambo. Alikuja akanichukua, akanipa jina la mama yake, jina ambalo nusu ya wanawake wa mji huu wanalo, na akaanza kuhadithia. Kwa alivyohadithia, alinichukua siku ya mazishi, nimo kwenye kanga, na akanilea kwa maziwa ya kopo usiku na mchana. Nyumba yao ilikuwa na maneno mengi ya ukoo, nani katoka wapi na nani hakutoka huko, na yeye hakutaka isikike kuwa mtoto wao kanyonya kwa mtu wa bara anayeuza vitumbua. Akamwambia yule mama hivi: ukitaka kumwona mtoto, utakuja mlango wa nyuma, na mdomo wako ufunge. Siku utakayosema umemnyonyesha, huo mlango pia hutauona.

Akanyamaza. Alinyamaza ili anione.

Kwa hivyo mimi nimekua nikimjua kama mama wa vitumbua. Asubuhi nikisikia kishindo cha beseni kikiwekwa chini nyuma ya jiko, natoka. Alikuwa akinipa kimoja, kile cha moto kabisa, na ananikazia macho mpaka nimalize. Nilidhani ananitazama nisije nikaomba cha pili. Shangazi akipita alikuwa akimwambia aweke hesabu yake na aondoke, asisimame kama kaja kudai mirathi.

Nyumbani kwa shangazi nilipiga deki, nilikuna nazi, nilipeleka chakula cha mume wake bandarini. Darasa la nne alinitoa skuli kwa sababu binti yake mkubwa kajifungua na hakuna wa kupakata. Ndiyo nilivyojifunza kazi ya vichanga. Wajukuu zake wote wamepita mikononi mwangu, na wakikaza shingo tu wanafundishwa kuniita kwa jina bila ya dada wala shangazi. Na yeye mwenyewe akikasirika hakuniita kwa jina la mama yake. Aliniita kile kichanga. Mtu mzima nina kifua, mbele ya wageni, anasema kiambieni kile kichanga kilete maji.

Bandarini ndiko alikoniona kijana mmoja, mchukuzi. Nilikuwa nikipita na sinia la chakula na yeye ana gunia mgongoni, na badala ya kupiga mluzi kama wenzake, alisogea nipite, yeye na gunia lake. Siku nyingine alinisalimu. Sauti yake ilikuwa nzuri, nasema kweli. Nilianza kuzichagua kanga za kwendea bandarini, na mimi kanga zangu zenyewe si nyingi.

Akawaambia watu wake walete posa. Watu wake walikuwa Jambiani. Mama yake alikuwa mjini, lakini alishaachwa siku nyingi, na alipoachwa mtoto alichukuliwa na baba yake, akalelewa kule na mke mkubwa, mama mwenye kulima mwani. Baba naye alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo posa ilipangwa na baba zake wadogo, na mama aliyeachwa, kama ilivyo ada ya watu wetu, huambiwa mwisho. Kijana alimpitia mama yake akamwambia kapata mchumba Malindi, akamtajia na jina. Mama akafurahi. Jina lile si kila nyumba lipo?

Shangazi hakuuliza mengi. Alikuwa kanichoka, na mchukuzi asiyetaka makubwa alimfaa. Posa ikakubaliwa, ikapangwa siku ya wao kuja na kanga za bibi harusi na kuweka tarehe ya ndoa.

Siku hiyo wanaume wa upande wao walikaa barazani pamoja na sheikh wa msikiti wa mtaa wetu. Wanawake waliingia ndani kwa mlango wa mbele, na masinia yamefunikwa, udi unafuka, vigelegele vya kiasi. Mimi nilikuwa nimekalishwa kwenye mkeka chumba cha ndani, mlango wazi, nimeinama kama nilivyofundishwa. Nikasikia shangazi anasema, kwa ile sauti yake ya mlango wa nyuma:

"Wewe leo vitumbua hatutaki."

Na mama wa vitumbua akajibu, taratibu, kama mtu aliyeijua nyumba hii kwa nyuma tu na haamini mahali aliposimama, "Leo nimekuja na wenye posa, bi mkubwa. Bwana harusi mwanangu."

Nikainua uso. Alikuwa kavaa kanga mpya, kashika sinia la kanga zangu, ananitazama. Nilimwona anavyotazama mlango, anamtazama shangazi, ananitazama tena. Halafu akaliweka sinia chini sakafuni, si mezani, chini pale pale, akasema posa hii haifai.

Shangazi alimshika mkono akamvuta jikoni. Wanawake wa Jambiani walidhani ni mambo ya chakula. Lakini chumba nilichokaa kimepakana na jiko, na pale juu ukuta haukufika kwenye boriti. Kila neno nililisikia. Sijalisahau hata moja, na ndilo nililokaa kuliandika.

"Watu wako nje," shangazi alisema. "Halua ishakatwa. Unataka kuniadhiri leo?"

"Mwanamke huyu ndugu yake. Nimewanyonyesha pamoja."

"Nani anajua?"

"Mimi najua. Na wewe unajua."

"Basi tunajua mimi na wewe. Nyamaza kama ulivyonyamaza siku zote. Na kunyonya gani huko, alikuwa mkubwa, ulimtia ziwa mdomoni kumnyamazisha tu."

"Alikuwa kichanga," mama yangu alisema. Namwita mama yangu tangu neno hilo. "Nilikuwa nikimshika kisogo."

Nimesema nawataja waliokosa. Hadithi ya maziwa ya kopo namsamehe shangazi. Skuli namsamehe, na deki, na kunipigia kelele mbele ya watu. Hili sijalisamehe. Shangazi yangu alikuwa tayari kunioza ndugu yangu, nilale naye, nizae naye, ili halua isiharibike na watu wa Malindi wasijue ziwa lililonikuza ni la nani. Alifikia huko, na alifika akiwa na akili zake, jikoni, na upawa mkononi.

Na mama yangu alijua bei ya kusema. Akisema, mwanawe anavunjiwa harusi mbele ya ukoo wa baba yake, na yeye ataonekana mwenye fitina aliyeachwa. Na mlango wa nyuma unafungwa. Mimi alikuwa akiniona pale tu.

Alitoka jikoni, akapita katikati ya wanawake, akasimama nyuma ya pazia la mlango wa mbele, akaita.

"Sheikh, samahani. Mimi mama wa kijana. Hawa nimewanyonyesha wote wawili."

Sheikh hakupiga kelele wala hakumkemea. Alisogea karibu na pazia, akauliza mtoto alikuwa na umri gani. Akajibiwa alikuwa kichanga, hajapewa hata jina, ndiyo maana mwanawe siku zote anaambiwa kanyonya na kichanga wa jirani na hakuweza kumjua ni nani. Akauliza kama ilikuwa mara moja tu kwa kumnyamazisha. Mama akasema, "Sheikh, alikuwa hana chakula chengine. Akishiba analala na ziwa mdomoni. Akiamka ndilo hilo hilo. Hata mwanangu alikuwa akingoja zamu."

Hapo shangazi akaingilia, akasema haya ni maneno ya mtu muongo, mtoto huyu kalelewa kwa kopo na mtaa mzima unajua, na alipomchukua mtoto alikuwa mkubwa, anakaa, anacheka, ana meno mawili.

Sheikh akamuuliza, kwa adabu zote, "Bi mkubwa, na kabla ya hayo meno mawili alikuwa anakula nini?"

Mtaa mzima ulijua hadithi yake ya kanga na siku ya mazishi, na sasa kaivunja kwa mdomo wake, kwa hasira. Wanawake wa Jambiani wakaanza kutazamana. Mmoja akajifunika mtandio mdomoni.

Nikasikia sauti ya kijana kutoka nje, ile nzuri. "Mama. Ndiye yule kichanga?"

"Ndiye, mwanangu."

Sheikh akasema haolewi hapa, ni ndugu yake, hata kama kungekuwa na shaka angewaambia waache, na hapa yeye haoni shaka. Watu wakashika vichwa. Sasa unafanya nini na baraza zima limekuja kuozesha? Baba yake mdogo mmoja wa Jambiani, mzee mwenye mdomo, ndiye aliyewatoa. Akasema, "Basi hiyo halua tuileni. Mke tumekosa, lakini tumekuja na mtoto mmoja tunarudi na wawili." Wakacheka, kwanza kwa woga, halafu kweli.

Mimi sikucheka siku hiyo. Nisije nikajifanya. Nililia, na sehemu ya machozi ilikuwa ya mchukuzi aliyesogea nipite. Ilinichukua muda kumtazama usoni na kumwona ndugu. Naye hivyo hivyo, tukikutana kila mtu anatazama miguu yake. Lakini kilio chengine kilikuwa cha kitumbua. Nilikumbuka macho yake nikila, asubuhi zote zile, nikajua alikuwa ananitazama nashiba.

Wageni walipotoka, shangazi hakunitazama. Alisema, "Ondoka na huyo mama yako." Alidhani ananifukuza.

Nilitoka kwa mlango wa mbele. Vitu vyangu vilikuwa kisanduku kimoja, na aliyekibeba ni yule yule mchukuzi, begani, kama mzigo wa bandarini. Tulivuka barabara tukaingia Ng'ambo, mama mbele, anatembea na miguu yake inayouma kama mtu anayekwenda karamuni. Nilipomkumbusha zile kanga za posa kuwa zirudi Jambiani, ndugu yangu alikataa. Akasema kanga za mchumba, kanga za dada, zote za kujifunga. Nilizivaa mpaka zikachakaa, na moja nikaipasua nepi wakati binti yangu kazaliwa.

Maana niliolewa, alhamdulillahi, na mtu mwema, fundi wa makuti na milango. Aliyenizungumzia ni ndugu yangu. Siku ya ndoa yangu alikaa na mimi chumba kimoja, bila ya pazia, kwa kuwa ni ndugu, akaniambia nisiiname sana nitaumwa na shingo. Nilipojifungua, mama ndiye aliyenilea uzazini. Maji ya moto, uji wa pilipili manga, kunifunga tumbo, yote kwa mkono wake. Binti yangu alinyolewa siku ya saba, akachinjiwa mbuzi, na jina lake likatajwa kwa sauti mpaka jirani wa nne akasikia. Mimi ndiye niliyetaka litajwe kwa sauti.

Baba yangu sikumwona. Shangazi alikufa, nilikwenda mazishini, nikakaa kwa wanawake, nikamwombea kama ninavyotakiwa. Nikarudi nyumbani nikala vizuri. Sioni haja ya kuongeza.

Juzi, mjukuu alipotoka hospitali, kabla ya kufika kwetu tulipita kwa mama. Siku hizi hatoki kitandani, macho yamepungua sana, anamjua mtu kwa kishindo. Ndugu yangu alikuwepo, mvi tupu, anamsukumia mito mgongoni. Niliingia kimya, sikusema shikamoo, nilitaka nione kama atanijua.

"Kichanga wangu kaja?"

"Naam. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una nini mikononi? Unapumua kama umebeba gunia."

Ndugu yangu akasema yeye ndiye aliyekuwa akibeba magunia na hajawahi kupumua hivyo. Nikampuuza. Nikamweka mjukuu kifuani kwa mama, kwa woga, kwa sababu mikono yake sasa inatetemeka. Sikuwa na haja ya woga. Mkono ulikwenda wenyewe, bila ya macho, ukapita nyuma ya kichwa cha mtoto, ukamshika kisogo, na ulipofika pale ukaacha kutetemeka.

Akauliza jina lake nani. Binti yangu akamwambia bado, siku ya saba haijafika.

"Basi nyamazeni," mama alisema, "vichanga wangu wamelala." Akanipapasa na mimi kichwani kwa mkono wa pili, nikainama anifikie.